Stakabadhi na Salongo

Kwanza ilikuwa filimbi. Haikulia mara moja ikakoma kama ya mwamuzi; ilivutwa kwa pumzi ndefu, ikakatwa, ikavutwa tena karibu zaidi, na nyuma yake ukafuata mlio wa chuma juu ya chuma. Mtu alikuwa akishuka barabara yetu na kugonga geti moja baada ya jingine kwa kitu kizito, bila kusema neno. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nami nilikuwa sijamaliza hata wiki katika chumba nilichopanga kwenye komuni ya Tshopo, upande wa kaskazini wa Kisangani. Nilikuwa nimeketi kitandani nikifunga kamba za viatu. Mkono ukaganda kwenye fundo.

Mama mwenye nyumba, mjane mcheshi aliyehamia hapa kutoka Maniema, akaja mlangoni pangu. "Ma fille, toka," akasema, akiniita binti yake kwa Kifaransa. "Ni salongo. Kila mutu anatumika."

Kutumika, kwa Kiswahili cha hapa, ndiko kufanya kazi. Hilo nilikuwa nimeshalijua. Nikamjibu kwamba kichwa kinaniuma. Akanitakia nafuu, akaondoka na fagio lake, nami nikavuta pazia.

Kichwa hakikuwa kikiniuma. Nilichokuwa nacho ni sentensi moja niliyopewa siku iliyotangulia, pamoja na stakabadhi. Nilikuwa nimepeleka ombi langu la kibali cha ukaazi katika ofisi ya uhamiaji, na afisa aliyelipokea, kijana mtaratibu mwenye miwani, aliyezilinganisha karatasi zangu pembe kwa pembe kabla ya kuzibana, alinieleza kwamba uamuzi ungetolewa mbali na pale na kwamba hakuna aliyejua lini. Stakabadhi ingeniruhusu kukaa nikisubiri. Kisha, huku akiandika namba ya simu ya ofisi nyuma ya karatasi hiyo, aliongeza kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli: "Mais mademoiselle, mpaka décision itoke, kazi hapana." Décision ndio huo uamuzi.

Ningemuuliza: kazi gani? Swali hilo la maneno mawili lilinijia nikiwa tayari nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, na mwendeshaji amekwisha kushika kasi.

Nimetoka Tabora, nchi ya miombo, ambako miti hupukutisha majani kiangazi na mtu huona mbingu akiwa katikati ya msitu. Nilikuja Kisangani kwa sababu ya mti mmoja, limbali, ambao katika hifadhi ya Masako hujijengea msitu wake wenyewe na kuitia miti mingine kivuli kizito. Nilitaka kujua jinsi miche yake inavyoishi katika kivuli hicho hicho kinachoua miche ya wenzake. Mbegu za limbali ni kubwa, wala hazilali ardhini zikivizia wakati mwafaka. Huanguka, hupasuka, huota. Miche isiyowekewa alama mapema huchanganyika na ya msimu uliopita, na swali lote huharibika.

Profesa aliyenisimamia katika masomo yangu ya chuo kikuu alikuwa amenipa nafasi ambayo sikuitarajia: niwe msimamizi wa viwanja vya utafiti vya Masako msimu huo, kwa mkataba wa kitivo wenye jina langu. Ni lazima kila msimu awepo mtu aliyesaini, na aliyesaini ndiye huamua nani aguse nini. Ikiwa siwezi kusaini, alisema kwa upole, ingembidi atafute mwingine, na huyo mwingine angekuja na swali lake. Aliomba jibu kabla mbegu hazijaanza kuanguka. Kwa hiyo nilikuwa kati ya mambo mawili. Nikisaini na ikaonekana nimevunja sharti, ningenyimwa kibali. Nisiposaini, ningebaki na haki ya kukaa Kisangani bila msitu ulionileta Kisangani.

Katika hali hiyo, mtu anayepita akigonga mageti na kuhakikisha kwamba kila mmoja yuko kazini hakuonekana kwangu kuwa jirani. Nilimwona kuwa shahidi.

Lakini woga wangu haukufika hata mwisho wa barabara. Filimbi ilipopita nilitaka kuona, na nikainua ncha ya pazia. Mpigaji alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, filimbi shingoni na spana ya magurudumu mkononi. Huyo, kama nilivyoelezwa baadaye, ndiye mkuu wa barabara yetu, ambaye wote humwita papa chef. Nyuma yake barabara nzima ilikuwa nje. Salongo ni kazi ya mikono ya pamoja: Jumamosi asubuhi kila nyumba hufyeka nyasi mbele ya geti lake na kuzoa tope la mtaro, na maduka hayafunguliwi mpaka papa chef aridhike. Kwetu pia kuna Jumamosi za usafi. Huko sikuwahi kujiuliza kama ni kazi. Nilijua tu kwamba ni adha.

Sasa nilijiuliza. Mtu wa mimea hawezi kukutana na jina bila kutaka kuona mpaka wake uko wapi, na kutoka nyuma ya pazia nilianza kupanga majirani zangu kama mtu apangavyo majani makavu mezani. Mwanamke aliyekuwa akichota tope kwa sufuria iliyotoboka: huyo bila shaka anafanya kazi. Mwenye duka, aliyekuna ardhi kwa reki mahali pale pale hadi papa chef apite, kisha akaiegemea na kuendelea na simu yake: je, huyu? Mjamzito aliyeketi kwenye kigoda akimwelekeza mumewe wapi hajafyeka vizuri, na ambaye bila yeye mume asingefyeka lolote? Nilijaribu kufafanua kazi kwa jasho, mjamzito akaanguka nje. Nilijaribu kwa matokeo, mwenye duka akaanguka nje. Nilijaribu kwa malipo, wakaanguka wote, nami nikabaki na barabara iliyojaa watu waliokuwa wakitoka jasho bila kufanya kazi.

Ufafanuzi huo wa malipo ulinifaa, na kwa sababu ulinifaa sikuuamini.

Siku zilizofuata nililichukua swali langu kila mahali isipokuwa pale lilipostahili kupelekwa. Profesa nilimuuliza kijuujuu kama utafiti ni kazi. Alisema utafiti ni ugonjwa, kwamba yeye aliupata angali kijana na hajapona, kisha akaacha mzaha na kunishauri niulize ofisi ya uhamiaji. Nilikubali kwa kichwa. Sikuuliza. Niliamini kwamba ofisi haisikii swali bila kusikia ndani yake ungamo: mtu haulizi kama mlango umefungwa ila ameshaushika kitasa. Ningepiga simu kuuliza kama naweza kufanya kazi, wangeandika kwamba nafanya.

Basi nilianza kujichunga. Masako nilikwenda kama kawaida, lakini nilitembea kati ya limbali huku nimefunga mikono nyuma, nikitazama tu, hata msaidizi wa hifadhi akaniuliza kama nimeumia. Nyumbani, siku moja nilikuwa nikimsaidia mama mwenye nyumba kuchambua majani ya pondu, kisamvu cha kwetu, kwa ajili ya chakula cha mchana, mara wazo likanijia, vidole vikasimama hewani. Mama akanitazama. Nikamuuliza kama anaona kwamba hii ni kazi.

"Hii?" akasema, akivuta sinia karibu naye. "Hii haiko kazi, ma fille. Hii ni chakula. Chambua."

Na kila Jumamosi, filimbi ilipolia, nilivuta pazia. Mara kichwa, mara tumbo; mara nyingine niliondoka mapema kwenda Masako kabla barabara haijaamka. Mama hakunishutumu. Alifagia sehemu yangu pamoja na yake, nami nikiwa nyuma ya kitambaa niliendelea kuchunguza. Nilijua nani huazima panga la nani, nani husengenya na nani husengenywa akigeuka, na kwamba papa chef, licha ya spana yake, hakuwahi kumkaripia mtu. Alisimama tu mbele ya geti mpaka mtu atokeze, akainamisha kichwa, akaendelea. Jambo hilo la kuinamisha kichwa nililiona mara nyingi. Sikulifikiria.

Ndipo mama mwenye nyumba alipoingia chumbani kwangu alasiri moja bila kugonga. Alisema watu wa ofisi ya uhamiaji wamepita. Ombi la kibali, kumbe, haliendi mbele hadi afisa mmoja ahakikishe kwamba mwombaji anaishi kweli pale alipoandika, na kwa hilo hawaulizi mwenye nyumba, ambaye anaweza kumtetea mpangaji wake. Humwuliza mkuu wa barabara. Papa chef aliulizwa. Alijibu kwamba ndani ya nyumba ile anajua kuna pazia linalocheza kila Jumamosi. Kuhusu mtu, hawezi kuapa.

Afisa, mama alisema, aliahidi kupita mara moja tena kabla ya kuandika kwamba sijulikani.

Niliketi. Nilikuwa nimeikwepa kazi ili kukilinda kibali, na huko kuikwepa ndiko kulikokuwa kunakiua. Hata katika fedheha hiyo, sehemu moja ya akili yangu, ile isiyonipa usingizi, ilikuwa ikivutiwa na jinsi jambo lenyewe lilivyofungamana, kama mzizi uliokunjamana chunguni mpaka ukajinyonga.

Kesho yake nilikwenda kwa papa chef. Alikuwa uani na mkewe, naye mke alikuwa akitwanga ndizi zilizochemshwa kwa ajili ya lituma. Wote wawili ni watu wa mtoni, kutoka upande wa Yanonge, na walinitazama nikivuka ua kama watu wanaotazama mtumbwi wasioutarajia.

"Njo weye Rideau," papa chef akasema. Njo ni ndiye, na rideau, kwa Kifaransa, ni pazia.

Mkewe hakuacha kutwanga. "Iko na miguu," akasema.

Nilipewa kiti. Nilijieleza kwa mpangilio niliokuwa nimeutunga njiani: ombi, stakabadhi, sentensi ya afisa, salongo, pazia. Papa chef alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama afisa alinikataza kufagia. Nikasema alinikataza kufanya kazi.

"Na kula?" akauliza. "Angalia vile mama anatwanga. Utakula?"

"Kwenu," mke akadakia, "batu banangojea papier bila kuosha sahani?"

Nilijaribu kueleza kwamba sikuwa nimekataa kuungana nao, kwamba niliogopa kuonekana. Hapo papa chef akaacha kutabasamu. Hakukasirika, alionekana kama mtu anayelazimika kumweleza mgeni jambo ambalo hajawahi kulieleza kwa sababu hakuna aliyewahi kulihitaji.

"Mutu ya bureau alisimama pale," akasema, akionyesha geti. "Aliniuliza: anaishi hapa? Mi siwezi kuapa ju ya mutu sikumuona. Kesho ukipotea, banakuya kuniuliza miye. Sasa hapa, tunajuana na salongo. Haiko mikono tunaangalia, mademoiselle. Tunaangalia kama mutu alitoka."

Nikakumbuka kichwa kile kilichoinama mbele ya kila geti. Hakuwa akikagua nyasi. Alikuwa akisalimu walio hai.

Nikamuuliza, kwa kuwa sasa nilikuwa na haraka ya kujua kila kitu, kama basi hata Masako ningeweza kusaini. Akatikisa kichwa. Alisema ya barabara yake anayajua, ya Masako hayajui. Wanaojua ni watu wa ofisi. Akauliza kama nina namba yao. Nikasema ninayo.

"Inakufanyia nini, ile namba?"

Mkewe akaniwekea lituma kwenye sahani, na samaki juu yake, akasema nile, kwani yeye hasubiri décision.

Jumamosi iliyofuata nilitoka kabla ya filimbi. Mama mwenye nyumba alinipa panga, ambalo hapa huitwa coupe-coupe, na mazoea yangu ya jembe la kwetu hayakunisaidia kitu: panga la kufyekea hutaka kiwiko kilegee, na kiwiko changu kilikuwa kimekaza tangu siku ya stakabadhi. Nilikata hewa zaidi ya nyasi. Mwenye duka aliacha simu yake ili atazame. Majirani wakanikaribia mmoja mmoja, si kwa ukali wala kwa huruma, bali kwa udadisi, na nikatambua kwamba wiki zote nilizokuwa nikiwapanga wao, wao walikuwa wakinipanga mimi. Kwa mjamzito nilikuwa mke wa pili wa mkubwa fulani, niliyefichwa. Kwa mwenye duka daktari alikuwa amenikataza jua. Mama wa ng'ambo, auzaye mikate ya kukaanga, alikuwa na hakika kwamba mimi ni mtawa niliyetoroka, na nilipomwambia ninasoma miti alionekana kupungukiwa na kitu.

"Miti tu?" akauliza.

"Mmoja hasa," nikasema.

"Na mutu hanakuoa ju ya ule muti?"

Wakacheka, nami nikacheka, kiwiko kikalegea kidogo. Papa chef alipofika mbele ya geti letu alisimama, akatazama nyasi nilizozijeruhi bila kuziua, akainamisha kichwa. Afisa alipopita tena siku chache baadaye, nilikuwa uani nikisikia. Papa chef alimwambia kwamba nipo, kwamba ninaishi humo, na kwamba coupe-coupe siijui lakini ninatoka.

Ningependa kusema kwamba hapo nilitulia. Kilichotokea ni kwamba akili yangu, baada ya kukaa muda mrefu upande mmoja wa kosa, iliruka hadi upande wa pili. Ikiwa sentensi ya afisa haikuhusu mtaro, nilijiambia, huenda haikuhusu chochote. Huenda ni neno linalosemwa kwa kila mgeni, kama vile kusema safari njema. Watu wangapi mjini hapa hungojea karatasi huku wakifanya kazi zao? Nilianza kuuona mkataba wa kitivo kuwa ndugu wa salongo, kazi ya pamoja, huduma kwa msitu. Siku mbili nilijisikia huru kabisa. Siku ya tatu, nikiwa Masako, nilisikia hoja yangu ikinguruma kichwani na nikaitambua sauti yake. Ilikuwa sauti ile ile iliyonishauri nivute pazia. Kwanza ilikuwa imejibu "hapana" kwa niaba ya mtu aliye hai, mwenye ofisi na simu. Sasa ilikuwa ikijibu "ndiyo" kwa niaba ya mtu huyo huyo. Tofauti ilikuwa ladha tu.

Juu ya kichwa changu ganda la limbali lilipasuka kwa kishindo kikavu, na mbegu ikaanguka kati ya majani si mbali na mguu wangu, bapa, nyekundu ya hudhurungi, kubwa kama kisigino cha mtoto. Msimu ulikuwa umeanza. Profesa, ambaye siku hiyo alikuwa pamoja nasi msituni, aliinama akaiokota, akaigeuza kiganjani, akasema bila kunitazama kwamba anahitaji jina la kuweka kwenye mkataba.

Nilimwomba anipe mpaka nirudi mjini.

Nilipiga simu nikiwa nimesimama uani, mchana, mama mwenye nyumba akianika nguo karibu nami na akijifanya hasikii. Iliita muda mrefu. Aliyepokea alikuwa yule yule kijana mwenye miwani. Nilimtambua kwa jinsi alivyomaliza kila neno kabla ya kuanza jingine. Nikajitambulisha, na katika wasiwasi wangu nikataja limbali kabla ya stakabadhi.

"Ah," akasema. "Mademoiselle ya miti."

Alisema uchunguzi wa makazi umerudi vizuri. Uamuzi bado. Nikamshukuru, kisha nikasema yote, kwa sauti ambayo nilitumaini kuwa tulivu: viwanja, mkataba, jina langu, msimu ulioanza asubuhi ile. Nikamwambia kwamba sijasaini. Nikamwambia pia kwamba ninataka kusaini, kwa kuwa niliona si haki kumficha hilo.

Hakuandika ungamo lolote. Aliniuliza mkataba unatolewa na nani na mimi ningekuwa nani ndani yake. Aliniuliza pia miti ipi ni ya masomo yangu na ipi ni ya kitivo, swali ambalo katika wiki zangu zote za kufikiri sikuwahi kujiuliza. Nikamjibu. Nikasikia karatasi zikilinganishwa mezani.

"Bon. Contrat ya jina yako, hapana, mpaka décision itoke. Hiyo njo kazi. Miti ya masomo yako, njo ile uliombea kibali. Prof aandike viwanja gani ni ya masomo, mutu mwingine asaini ya kitivo, uniletee copie. Kuhesabu, ndiyo. Kusaini, bado."

Niliyarudia maneno yake manne ya mwisho kimoyomoyo. Nilikuwa nimepoteza mkataba na kubakiwa na miche, na katika dakika ile nilishindwa kuhuzunika, kwa kuwa jambo lilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulipita mahali ambapo mtu angeweza kuuonyesha kwa kidole. Mama mwenye nyumba alikuwa ameacha kuanika, kanga imening'inia mikononi mwake.

"Njo ile tu?" afisa akauliza.

Nikasema ndiyo. Kisha nikasema hapana. Nikamuuliza: na kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakija Masako, nami nikawaonyesha namna ya kuhesabu?

"Kwa mutihani?" akauliza.

"Hapana. Wakiwa wamesimama tu hapo, wakitazama."

"Ngoja," akasema, na nikasikia simu ikilazwa mezani, kiti kikisukumwa nyuma, na sauti yake ikimwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikilize hii.